Siku Niliyoizuia Kompyuta Isikwame

Nyinyi vijana wa kompyuta mnaniita gwiji. Juzi pale ukumbini Umoja mmoja wenu alinisimamisha mbele ya watu akasema huyu mama aliandika programu wakati hata simu ya mezani ilikuwa ya kuombwa kwa jirani. Mkapiga makofi, nami nikatabasamu kama bibi harusi aliyevaa kiatu kinachombana. Halafu msichana wa mstari wa mbele akaniuliza, "Mathe, ni bug gani ilikusumbua zaidi?" Nikajibu upuuzi fulani kuhusu printa iliyotafuna karatasi. Mkacheka, tukanywa chai, mkanipa zawadi ya kikombe.

Nilidanganya. Nawajibu leo kwa kalamu kwa sababu mdomo ulikataa. Hitilafu iliyonisumbua zaidi sikuitibu, niliinyamazisha. Ilinichukua nusu saa, na ofisi nzima ilinishangilia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Tena, Eastlands ya Nairobi, ghorofa ya kwanza, juu ya bucha. Tulikuwa watatu. Mwenye ofisi alikuwa Mwalimu Mwangi, aliyeacha kufundisha hesabu ili, kwa maneno yake mwenyewe, afe maskini kwa njia anayoipenda. Alikuwepo Mama Njeri, mpiga chapa aliyegonga taipureta miaka ishirini kabla ya kuletwa kwetu na shida. Na mimi Auma, binti wa Ziwani, nikiwa na cheti kimoja cha kompyuta na mdomo mrefu. Tulichapa barua za kuomba kazi, ripoti za shule, kadi za harusi, na zaidi ya vyote ratiba za mazishi. Eastlands watu wanaishi, lakini wengi wanazikwa kwao mashambani, na siku zile mwili haukuondoka bila karatasi zake: picha ya marehemu, wasifu, nyimbo, na orodha ya familia anayoiacha.

Kilichotutofautisha na ofisi nyingine ni Tenda. Tenda ilikuwa lugha ya programu aliyoibuni Mwalimu mwenyewe, maagizo yake yote yakiwa ya Kiswahili: ANDIKA, UNGANISHA, RUDIA. Aliitengenezea mkalimani, yaani programu inayosoma maagizo hayo mstari kwa mstari na kuyatekeleza papo hapo. Miaka mitatu ya jioni zake iliishia humo. Mama Njeri, aliyekuwa ameapa kwamba kompyuta itamkuta kaburini, alijifunza Tenda kwa wiki mbili akajiandikia programu ya ratiba za mazishi: unajaza majina, mashine inayaunganisha, inapanga ukurasa, inachapa. Siku ilipofanya kazi mara ya kwanza Mwalimu alivua miwani akaifuta mara tatu. Mtu akitokwa na machozi kwa ajili ya programu mimi simcheki.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na mlango wa kutokea. Hakuniruhusu kugusa msimbo wa mkalimani kabla sijaieleza hitilafu kwa mtu asiyejua kompyuta. "Shuka chini umweleze mwenye bucha," aliniambia. Nami nilishuka. Mwenye bucha alinisikiliza huku akikata mifupa, kipande kikiruka huku, kingine kule, na mwishowe aliuliza swali moja la kijinga. Lile swali la kijinga ndilo lilinifungua macho, mara nyingi kiasi kwamba niliona aibu. Siku moja nilihangaika tangu asubuhi na ukurasa uliochapwa ukiwa mtupu. Nikamweleza yule mzee kila kitu kuhusu maagizo na kumbukumbu ya mashine. Akasema, "Na wino upo?" Wino haukuwepo.

Sasa, Tenda ilikuwa na ugonjwa mmoja, na Mwalimu aliujua. Kila maandishi iliyaweka katika kisanduku chake, na mbele ya kisanduku iliandika idadi ya herufi zilizomo. Mashine zetu zilikuwa na kumbukumbu ndogo, kwa hiyo Mwalimu alikuwa amebana: idadi hiyo aliitengea baiti moja tu, na baiti moja haihesabu kupita mia mbili hamsini na tano. Ukiunganisha majina yakapita hapo, herufi zilifurika zikamwagikia kisanduku cha jirani na kufuta kilichokuwamo. Kioo kiliganda, kibodi ikawa kiziwi, ikabaki kuizima tu.

"Imehang tena," Mama Njeri alisema kila mara, mikono yake juu, kama mtu anayeonyesha polisi kwamba hana kitu.

Dawa ilijulikana. Ilikuwa ni kuipa idadi baiti mbili badala ya moja, kisha kupitia kila mahali ambapo mkalimani anagusa maandishi na kupabadilisha. Mwalimu alikuwa ameorodhesha mahali hapo pote kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Kazi ya wiki tatu, alisema, na isiyofaa kufanywa na mtu mwenye haraka. Kisha kifua kikamshika, akaenda kwao Nyeri kupumzika, akaniachia ofisi.

Jumatatu ya juma lile mashine ilikwama kwenye orodha ya wanafunzi. Niliichunguza nikagundua jambo lililonichekesha. Mama Njeri alipanga safu za majina kwa kugonga kitufe cha nafasi mara kumi, mara ishirini, kama alivyozoea kwenye taipureta. Kwake nafasi si kitu, ni karatasi nyeupe tu. Kwa mashine nafasi ni herufi kama nyingine, nayo inahesabiwa. Mkia wote wa orodha ile ulikuwa nafasi tupu. Niliufuta kwa mkono, ikachapa vizuri. Nikamwambia Mama Njeri apunguze. Akanijibu, "Mimi nimegonga space tangu ukiwa nasari, Auma." Nikaacha, kwani mtu mzima ni mtu mzima.

Jumatano walikuja Mzee Wekesa na Mama Simiyu. Mzee Wekesa aliishi Umoja, na mdogo wake, Wanyonyi, mfanyakazi wa kiwanda, ndiye aliyefariki. Marehemu alikuwa na nyumba mbili. Nyumba kubwa ilikuwa Bungoma, mke na watoto wanane. Nyumba ndogo ilikuwa Kayole, nayo ilikuwa ya Mama Simiyu huyu na watoto wake wawili, Simiyu na Nekesa. Kule nyumbani hawakutaka kumjua. Walikaa vikao vitatu sebuleni kwa Mzee Wekesa, wakatupiana maneno ya kila namna, na mwisho wakakubaliana: ataandikwa. Ataandikwa wa mwisho, lakini ataandikwa. Mzee Wekesa aliiweka orodha mezani pangu kwa mikono miwili.

Wenzangu wengine mnaweza kudhani orodha ni pambo. Katika mazishi ya watu wale orodha ilisomwa kando ya kaburi, nyumba moja baada ya nyingine ikaitwa kusimama karibu na jeneza mbele ya ukoo mzima. Aliyesomwa alikuwa na mahali pa kukaa siku ile, na watoto wake walikuwa na mahali pa kulima baadaye. Asiyesomwa alikuwa mgeni aliyekuja kula.

Mama Simiyu aliinama karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Dada, niandike vile tu imeandikwa hapo. Si lazima herufi kubwa."

Baadaye mchana ule akaja kijana mkubwa wa nyumba kubwa kuleta picha ya marehemu. Tulisalimiana, nikampa risiti, akaenda zake. Lishikeni hilo kidogo.

Alhamisi gari lilikuwa liondoke mochari saa nane mchana. Saa nne mashine ikakwama kwenye orodha ya familia ya marehemu Wanyonyi. Tukaiwasha upya, Mama Njeri akajaza tena, ikakwama. Mzee Wekesa alikuwa mbioni kwa ajili ya kibali cha mazishi na jeneza. Mama Simiyu alikuwa amekaa kwenye benchi letu, kitambaa cheusi kichwani, akitazama mlango wa chumba cha mashine kama mtu aliye nje ya wodi.

Nilitazama orodha kwenye kioo nikaona nafasi za Mama Njeri zimejaa humo. Nikajiambia, ni ule ule mkia mtupu wa Jumatatu. Nilikuwa na hakika. Nawaambieni wanangu, sijawahi kuwa na hakika vile tangu siku ile, na hilo ndilo jambo zuri pekee nililolipata.

Niliufungua msimbo wa mkalimani. Pale anapounganisha maandishi nikaongeza masharti machache: kama jumla inapita mia mbili hamsini na tano, kata. Na ili kukata kusiache mkia mbaya, rudi nyuma hadi koma ya mwisho, iondoe, weka nukta. Niliipenda sana ile nukta. Nilijiona mtu mwenye adabu ya kazi, kwa kuwa hata kinachokatwa nakikata kwa unadhifu. Ningeweza kuifanya mashine ilie, iandike kwenye kioo kwamba imekata kitu. Ilihitaji mstari mmoja zaidi. Na kwa mwenye bucha sikushuka, kwa sababu kulikuwa na foleni, na kwa sababu nilishajua jibu.

Mashine haikukwama. Printa ikaanza kupiga kelele yake, ukurasa wa kwanza ukatoka, Mama Njeri akapiga makofi na mteja mmoja aliyesubiri barua naye akapiga. "Huyu msichana ni moto," akasema Mama Njeri. Nilichukua ule ukurasa nikautazama. Picha ilikuwa safi, kichwa kimekaa katikati, orodha imeisha na nukta yake. Niliutazama, sikuusoma. Kwa muda mrefu nilitumaini kwamba tofauti ya mambo hayo mawili ni ndogo.

Tukachapa zote, nikazifunga kwa kamba ya katani. Mama Simiyu hakufungua. Hakuna aliyefungua, kwani ratiba hugawiwa nyumbani siku ya mazishi. Alilipokea furushi akalikumbatia kifuani.

"Mungu akubariki, dada," alisema. "Hujui vile umenifanyia."

Ni kweli, sikujua. Alisafiri na furushi lile mapajani, kutoka Nairobi hadi Bungoma.

Jumanne Mzee Wekesa alipanda ngazi zetu polepole. Aliweka ratiba moja mezani, akaweka kidole chini ya orodha, penye ile nukta. "Nisomee," akasema. Nikasoma mke wa kwanza na watoto wake wanane, mmoja mmoja, nikafika kwenye nukta. Nikageuza karatasi. Upande wa pili kulikuwa na nyimbo.

Alinieleza akiwa amesimama, alikataa kiti. Mshereheshaji alisoma orodha, nyumba kubwa ikaitwa, ikasimama, kisha akatangaza maombi. Mama Simiyu akainuka mwenyewe na watoto wake wawili. Mzee mmoja wa ukoo akamwonyesha ile karatasi akamuuliza, "Mama, wewe ni nani hapa?" Akaichukua, akatafuta, akakosa. Wana wa nyumba kubwa wakamgeukia Mzee Wekesa wakamwambia, "Baba mkubwa, karatasi ni yako. Ni wewe uliipeleka."

"Na wewe ukasema nini, Mzee?" nilimuuliza.

"Nilisema tuendelee na maombi," alisema. "Watu walikuwa wengi."

Mama Simiyu aliwashika watoto mkono akaenda kusimama nao kwa majirani, ng'ambo ya ua, na kutoka huko ndiko Simiyu na Nekesa walikoona baba yao akifukiwa.

Nilimweleza. Nilichora visanduku kwenye karatasi, nikamweleza baiti, nafasi za Mama Njeri, koma, nukta. Nilieleza kwa haraka, maneno yakigongana, huku nikimwona akizidi kuwa mbali. Aliniacha nimalize.

"Msichana wangu," alisema, "majina ni kumi na mawili. Mashine yako imeacha hayo matatu tu, hayo hayo tulibishania vikao vitatu. Ilijuaje?"

"Haikujua, Mzee. Yalikuwa ya mwisho."

"Kijana wao alikuja hapa Jumatano. Mliongea nini?"

Nikamwambia tulisalimiana tu. Alitikisa kichwa, si kwa hasira, ila kama mtu anayesikia kitu alichotarajia. Alihitaji awepo mtu aliyefanya jambo hili kusudi, kwani bila mtu huyo ingebaki ile "tuendelee na maombi" yake peke yake. Namwelewa sasa. Siku ile nililia mbele yake, na machozi yangu nayo akayahesabu kuwa ushahidi.

Alipoondoka nilishuka kwa mwenye bucha, nikiwa nimechelewa siku tano. Nilimweleza jinsi nilivyoizuia mashine isikwame: ikizidi, inakata. Aliweka shoka chini. "Sasa kile umekata," akauliza, "kinaenda wapi?"

Mwalimu alirudi Ijumaa, amekonda, shati likimpwaya shingoni. Nilitegemea anifokee, ningefurahi. Alisoma mabadiliko yangu kwenye kioo, mstari kwa mstari, akikohoa. Kisha akasema, "Ilipokuwa inakwama ilikuwa programu yangu, na ilikuwa inasema ukweli: imeshindwa. Hii inayodanganya ni yako." Akafuta masharti yangu yote. Tenda ikarudi kukwama kama zamani, na Mwalimu akaenda kukaa dirishani.

Jioni ile ile nilifanya jambo ambalo nusu yenu mngelifanya na nusu mngeliepuka. Nilichukua orodha ya Mzee Wekesa nikahesabu herufi za majina peke yake, bila zile nafasi za kupanga safu. Yote kumi na mawili yalienea kisandukuni. Yalienea na mahali pakabaki. Mama na watoto wake wawili walisukumwa nje na nafasi tupu. Sikumwambia Mama Njeri, na amekufa bila kujua. Nyinyi ndio wa kwanza kusikia.

Nilibandua ile karatasi ya ukutani nikaanza kazi ya wiki tatu. Nilienda mahali pamoja baada ya pengine, baiti moja ikawa mbili. Kila siku nilijaribu kwa majina marefu niliyoweza kuyapata, orodha za kwaya, za ukoo wangu mzima hadi mababu. Niliiamuru Tenda ikishindwa iseme wazi, kwa herufi kubwa, na isichape hata mstari mmoja. Nilijifunza kusoma karatasi kuanzia chini kwenda juu, nami nasoma hivyo hata gazeti, watoto wangu wananicheka. Yote hayo ni ujuzi mzuri, chukueni. Mwaka haukuisha zikaja programu za kubofya kwa kipanya, wateja wakahamia huko, na mkalimani wa Mwalimu mwenye afya kamili akabaki kwenye disketi asiulizwe na mtu. Mwalimu hakuishi sana baada ya hapo.

Lakini siku Tenda ilipopona, kabla ya hayo yote, jambo la kwanza nililochapa ni ratiba ya marehemu Wanyonyi. Nilichapa nakala moja. Niliisoma kutoka chini, kisha kutoka juu, nikaitia kwenye bahasha nikaenda Kayole, nikauliza uliza hadi nikapata nyumba ya Mama Simiyu. Alikuwa akifua. Alijifuta mikono kwa leso, akanipa kigoda, akamtuma Nekesa aniletee maji. Hakunitukana. Ningempa chochote anitukane.

Nilimweleza, safari hii polepole, nikampa karatasi. Alisoma kwa kidole. Alipita nyumba kubwa, mmoja mmoja, bila kuruka, akafika kwa jina lake, kwa Simiyu, kwa Nekesa. Kidole kikakaa pale.

"Iko sawa," alisema.

"Iko sawa," nikasema. "Mashine imepona."

"Shamba waligawa wiki iliyopita. Walitumia ile ingine." Aliikunja karatasi kufuata mikunjo yake, taratibu, asije akaiharibu, kisha akanitazama. Alikuwa akiuliza kweli, kwa upole, kama mtu anayemwuliza fundi jinsi ya kutumia kitu alichomletea. "Sasa hii, dada, nimpelekee nani?"

Nilimwambia sijui.